Kupita Mlangoni si Kujaribu Kufuli

Kupita mlangoni si kujaribu kufuli. Mmelisikia neno hilo kikaoni asubuhi, mkatazamana, na sasa mmenifuata kuniuliza lilitoka wapi. Kaeni basi. Nilikuwapo lilipozaliwa, na sitalitia chumvi, maana kisa chenyewe kinakera vya kutosha.

Ilikuwa hapahapa Tanga, ofisi yetu ikiwa bado juu ya duka la vitambaa. Tulikuwa tunatengeneza programu ya benki ya damu kwa ajili ya hospitali moja. Mgonjwa akihitaji damu, programu ilipaswa kulinganisha kundi lake na kundi la damu iliyopo, kisha iseme: toa, au zuia. Damu isiyopatana na mwili wa mgonjwa inaweza kumuua. Hiyo ndiyo kazi tuliyokuwa nayo mikononi.

Kabla ya kuipokea, hospitali ilitaka ripoti ya majaribio. Ninyi mnajua kwamba programu kubwa huandikiwa majaribio, yaani vijiprogramu vinavyoiendesha na kuangalia kama inajibu sawasawa. Ripoti ile huonyesha ni mistari ipi ya programu imepitiwa na majaribio hayo. Mstari uliopitiwa hupakwa kijani, usiopitiwa hupakwa nyekundu.

Kazi ya kuiweka ripoti alipewa Mboni Shekalaghe, na ilimtesa. Kwanza ilihesabu hata programu za watu wengine tulizokuwa tumeziazima, asilimia ya mistari iliyopitiwa ikaporomoka bila sababu. Alipoliondoa hilo, ripoti ikaanza kutoka tupu, kwa kuwa seva ilikuwa ikitafuta mafaili kwenye folda ambayo haipo. Akiziba hapa, panafumuka pale. Nilimsikia akiisemesha kompyuta maneno ambayo sitayarudia mbele yenu. Siku ilipokubali kutoka kamili, ikatuambia ukweli: karibu programu nzima ilikuwa nyekundu.

Meneja wetu, Bwana Kilindo, alikuwa ameitundika skrini ya ripoti ukutani ili wageni waione. Sasa ikawa inamwaibisha. Kila akipita anauliza, "Mboni, mbona nyekundu?" Mboni anajibu kwamba majaribio bado hayajaandikwa. Baada ya chai anarudi, "Mboni, bado nyekundu?" Utadhani ni yeye aliyeipaka.

Ndipo Sefu Mdoe, kijana hodari wa kuandika haraka, akasema, "Bosi, niachie mimi." Hata wiki haikuisha, ukuta ukawa kijani kama shamba la mkonge baada ya mvua. Bwana Kilindo akaagiza pilau kwa ofisi nzima na kuwaambia hospitali waanze Jumatatu.

Mboni hakula. Alikuwa amefungua majaribio ya Sefu na kuyasoma moja moja, uso ukizidi kukunjamana.

"Sefu, hili jaribio linaendesha kanuni ya kulinganisha damu, ile sehemu inayoamua toa au zuia. Halafu?"

"Halafu linaisha, dada."

"Haliangalii jibu?"

"Ripoti haihesabu majibu, dada Mboni. Inahesabu mistari."

Mboni akainuka na laptopu yake mkononi mpaka mezani kwa Bwana Kilindo, aliyekuwa akila pilau. Sefu akamfuata, na sisi wengine tukasogea.

"Bosi, majaribio haya hayaangalii chochote."

"Mboni, ripoti umeiweka wewe. Imekuwa kijani, sasa unaikataa?"

"Siikatai. Inasema tumepita. Haisemi tumeona nini."

"Jumatatu watu wanaanza kazi. Tafadhali usiniletee falsafa."

Mboni akaiweka laptopu mezani. Hakubishana tena. Aliifungua kanuni ya kulinganisha damu, akafuta sehemu yote inayozuia, akaiacha iseme "toa" kwa kila mtu. Kisha akaendesha majaribio. Yote yakafaulu. Ukutani, kijani tupu.

"Bosi, sasa hivi programu hii inampa mgonjwa yeyote damu yoyote. Tazama ukuta wako."

Bwana Kilindo akaweka kijiko chini.

Sefu alijitetea, "Lakini hiyo umeiharibu wewe. Ile ya mwanzo ni nzima."

"Umejuaje?"

Sefu akauonyesha ukuta wa kijani.

"Umepita mlangoni, Sefu," Mboni akamwambia. "Kufuli hukulijaribu."

Akairudisha kanuni ilivyokuwa, akavuta kiti, akamwambia Sefu akae. Wakachukua jedwali la makundi ya damu tulilopewa na hospitali, wakaanza kuandika majaribio ya kweli: damu hii, mgonjwa huyu, jibu liwe hili. Kundi A kwa A, toa. Likafaulu. B kwa B, toa. Likafaulu. Sefu akaanza kupata nguvu ya kutabasamu. Kisha wakaandika: damu ya A, mgonjwa wa O, zuia.

Programu ikajibu: toa.

Walidhani wamekosea kuandika. Wakalisoma jaribio upya, wakaliendesha upya. Toa. Mboni akaifungua kanuni yenyewe, akaipitisha macho polepole, mpaka akafika mahali akaweka kidole kwenye skrini. Mtoaji na mpokeaji walikuwa wamebadilishana nafasi: programu iliona damu ya O ikienda kwa mgonjwa wa A, jambo linaloruhusiwa. Kila tulipowaonyesha wageni, tulikuwa tunaweka kundi lilelile pande zote mbili, kwa hiyo hakuna aliyegutuka.

"Nani aliandika hii?" Bwana Kilindo akafoka. "Nani?"

"Mimi," Mboni akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Hasira yote aliyokuwa nayo kwa Sefu na kwa ukuta ule ilimgeukia mwenyewe. Sefu hakucheka. Alimsogezea laptopu na kusema, "Rekebisha, dada. Mimi naandika yanayofuata."

Wakaendelea. Jioni ile ukuta ulikuwa na nyekundu nyingi kuliko asubuhi, kwa sababu Sefu aliyafuta majaribio yake yote ya zamani kwa mkono wake mwenyewe.

Bwana Kilindo alipiga simu hospitali kuwaambia wasianze Jumatatu, tukiwa tumemzunguka. Daktari mkuu wa maabara alikuwa mkali, sauti yake ikasikika mpaka kwetu: "Jumatatu mmeahidi wenyewe! Si mlituambia ripoti ni kijani? Si mlisema kila mstari umepitiwa?"

Bwana Kilindo akautazama ukuta, kisha akamtazama Mboni, ambaye alikuwa bado ameinamia kazi.

"Ni kweli, daktari, yote ilipitiwa," akasema. "Lakini kupita mlangoni si kujaribu kufuli."