Karibu ya Mdomoni

Tajiri Mwinyihaji alipenda kula pilau barazani kwake. Kila mpita njia alimpigia ukelele, "Karibu!" huku mkono umefunika sinia. Watu, kwa adabu zao, waliitikia, "Starehe!" wakaenda zao na njaa.

Siku moja jirani yake, Bi Mize, akasimama.

"Bwana Mwinyihaji, wanasema karibu yako ni ya mdomoni tu."

"Wazushi hao! Anayetaka aje ale!"

"Hata wakija wengi?"

"Hata mtaa mzima! Jikoni kuna sufuria nzima."

"Basi sema kwa sauti, wazushi wakusikie."

Tajiri akasimama, akanguruma, "Mtaa mzima, karibuni!"

Papo hapo majirani wakatokeza nyuma ya ukuta, mikono ikichuruzika maji. Bi Mize alikuwa ameshawanawisha.