Kwa Nini Chumvi Huingia Majini Kimya

Hapo kale, ugali ukiliwa chapwa na machozi yakiwa hayana ladha, watu wote wa ukoo wa Elementi waliishi katika mji mmoja, na kila mmoja alivaa nyuzi za shanga kifuani. Uzi wa ndani ulibeba shanga mbili, uliofuata nane. Heshima ya mtu ilikuwa uzi wake wa nje. Ukijaa, alitulia kama Neoni, asiyeomba wala kutoa. Usipojaa, watu walikutazama kifuani kwanza, usoni baadaye.

Sodiamu hakupenda kutazamwa. Nyuzi zake mbili zilijaa, lakini wa tatu ulikuwa na ushanga mmoja tu, ukicheza kama jino la mtoto lililolegea. Mdogo wake Lithiamu naye alikuwa na mmoja, ila kwenye uzi wa pili, karibu na moyo, na moyo uliushika. Kaka yao Potasiamu alivaa wake kwenye uzi wa nne, nao ulimponyoka hata akipiga chafya. Ndivyo walivyozaliwa: uzi ukiwa mbali, moyo hauufikii. Sodiamu alilijua hilo, na bado aliona haya kana kwamba ni kosa lake.

Mama Maji alipomwoza binti yake, alialika mji mzima. Desturi ilikuwa mgeni hali kabla ya kunawa. Sodiamu angeweza kusema mapema kwamba hathubutu kunawa, maana maji huung'oa ushanga wake, lakini angesema, wote wangemtazama kifuani. Akanyamaza, akatumbukiza mkono kwenye beseni. Ushanga ukaponyoka, maji yakafoka, na moto ukaruka ukala paa la mwenyeji pamoja na shela la bibi harusi.

Hakuna aliyeumia. Afadhali wangemtukana. Mama Maji alimtazama tu, akasema, "Mwanangu, ungeniambia."

Sodiamu akaunyakua ushanga wake, akakimbia, akajificha ndani ya mtungi wa mafuta, mahali maji yasipofika. Mficha maradhi, kilio humfichua. Chake kilisikika mji mzima. Kila alipokumbuka neno lile la Mama Maji, uso ulimwaka upya.

Mji ule ulikuwa pia na binti aliyeepukwa, Klorini, mwenye rangi ya kijani iliyofifia. Uzi wake wa nje ulikuwa na shanga saba na pengo moja. Kwa uchu wa pengo lile alipora shanga za watu, na pumzi yake iliwakaba majirani koo. Alipopita karibu na mtungi alisikia mtu akilia.

"Nani humo?"

"Usinitazame, dada."

"Mimi hawanitazami kabisa," alisema Klorini. "Wananifungia milango."

Sodiamu akatoka. "Nina ushanga nisioweza kuushika," alisema, na maneno yalimchoma kuliko moto. "Nimeunguza nyumba ya watu kwa kuuficha."

Klorini alizoea kupora, hakujua kuomba. Aliinamisha macho, akakinga mikono miwili, naye Sodiamu akamwekea ushanga. Uzi wa Klorini ukatimia nane. Uzi mtupu wa Sodiamu ukaanguka, na ule uliojaa ndio ukawa wa nje. Lakini aliyetoa alikuwa amepungukiwa na aliyepokea amezidishiwa, basi wakavutana, wakashikamana, wakawa chembe moja nyeupe.

Wakaenda pamoja kwa Mama Maji. Paa lilikuwa bado jeusi.

"Shikamoo, mama. Ni mimi niliyeunguza. Nilijua, nikanyamaza."

"Marahaba, mwanangu. Nawa."

Wakaingia kwenye beseni lilelile. Hapakuwa na moshi wala sauti. Waliyeyuka wameinamisha vichwa, mpaka hawakuonekana tena, na Mama Maji akawapokea.

Na mpaka leo Neoni hukaa peke yake, Sodiamu asiye na mwenzake huhifadhiwa katika mafuta, na chumvi huingia majini kimya. Nawe ukiona haya mpaka machozi yakakufika mdomoni, utaonja chumvi. Huyo ni Sodiamu, bado anaomba radhi.