Kiti cha Kushoto

Mng'oa kiti cha mwenziwe hupotea na wepesi wake. Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia Kibet jana, Kibet alipojigamba kwamba anahamia Eldoret na hataki kufuatwa na mke wala ndugu, asipate wa kumchelewesha. Mlicheka, kisha mkaanza kuulizana: kiti gani, na wepesi gani? Naona Kibet mwenyewe amekuja kusikiliza, ingawa amekaa huko nyuma akijifanya anachezea simu. Haya, sogeeni. Methali hii si ya enzi za wafalme. Ina mwenyewe anayejulikana kwa jina na mtaa, na ilianza hivi.

Hapo Nakuru palikuwa na fundi wa mashine za kusaga unga aitwaye Zakayo Murunga. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache mkewe Dorkasi ndiye aliyekuwa akiyamalizia. Maishani mwake alimiliki gari moja tu, BMW kuukuu yenye umbo la kisanduku, aliyoinunua ikiwa hoi akaifufua kwa mikono yake. Gari alilijua mpaka nati ya mwisho. Njia ndizo zilizomshinda. Mtu huyu angeweza kupotea kati ya nyumbani kwake na sokoni, na Dorkasi alilijua hilo tangu siku ya harusi, walipofika kanisani wa mwisho.

Kwa hiyo Dorkasi alikaa kiti cha kushoto, mkoba magotini, akamwongoza. "Kushoto, Baba Naliaka. Huko kwingine utatupeleka makaburini." Na mumewe akizidisha mwendo: "Polepole, hatujaitwa." Zakayo alinung'unika kwamba anaendeshwa kama punda, lakini alikata kushoto, na walifika kila walikokwenda.

Kisha Dorkasi akaugua, akafa. Watoto walikuwa wameshaanza maisha yao mbali, Naliaka Mombasa na kaka yake Kisumu. Matanga yalipokwisha walirudi makwao wakawa watu wa simu ya Jumapili. Kazini mashine zilinguruma kutwa, na katika mngurumo huo hakuna aliyegundua kwamba Zakayo alikuwa hasemi na mtu. Jioni alirudi kwenye nyumba iliyonyamaza, akakaa, akaamka, akaenda tena. Kufiwa ni jambo moja, jamani. Kuwa mahali ambapo hakuna anayejua kama umerudi au hukurudi ni jambo jingine.

Jumapili moja aliikimbia nyumba hiyo akaendesha tu, na kama kawaida yake akapotea. Alijikuta upande wa Mogotio, kwenye uwanja wa shamba la mkonge lililoachwa. Vumbi lilikuwa limetanda na magari yalikuwa yakilia. Watu walikuwa wamepanga koni nyekundu katika uwanja wa murram, na gari moja moja lilipita katikati yake mbio, likikata kona huku na huku, likishindana na saa. Wenyewe waliuita mchezo huo otokrosi. Siku hiyo ilikuwa zamu ya magari ya Kijerumani: Golf zilizofifia rangi, Audi moja yenye boneti ya gari jingine, na BMW za kisanduku kama lake. Wenye magari hawakuwa matajiri wala mabingwa. Alikuwapo daktari wa mifugo, muuza mbao na mwalimu wa hesabu.

Zakayo alisimama nje ya uzio akatazama. Mbio zilimpendeza, lakini kilichomshika ni kitu kingine. Adhuhuri watu wale waliketi pamoja wakala, wakataniana, na mmoja alipochelewa kufika, wenzake walikuwa wakichungulia barabarani na kumpigia simu. Zakayo alirudi kutazama mara kadhaa, na kila mara aliondoka kabla mtu hajamsemesha. Hakutaka kikombe cha ushindi. Alitaka siku moja asipoonekana, mtu achungulie barabara kwa ajili yake.

Lakini badala ya kuingia akauliza, alikwenda kuuliza simu yake. Simu ikamwonyesha video za wazungu waliosema jambo moja wote: uzito ndio adui wa mbio, toa kila usichokihitaji. Zakayo akachukua spana. Aling'oa zulia, akang'oa kiti cha nyuma, akatoa tairi la akiba na redio. Mwisho akabaki amechuchumaa mbele ya kiti cha kushoto.

Hapo ndipo niwaambie ukweli ambao yeye hakuwaambia majirani. Kwao alisema ni uzito. Lakini tangu Dorkasi afe, kila alipokanyaga breki mkono wake wa kushoto ulitoka wenyewe kuuzuia mkoba usianguke, na mkoba haukuwapo. Kiti kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mwenyewe. Zakayo alichoka kukitazama. Alizifungua zile bolti, akakitoa, akampelekea askari wa lango la kinu cha unga alikofanya kazi, naye askari akakishukuru kwa moyo wote, akakiweka kibandani. Usiku huo Zakayo alilala vizuri. Aliamini amepona.

Sasa, kuna desturi ya uwanja ule ambayo Zakayo hakuijua, maana mtazama nje ya uzio huona vumbi tu. Mgeni hakukimbia peke yake siku ya kwanza. Dereva mkongwe alikaa kando yake, akafunga mkanda, na kwenye kila kona akamwonyesha kwa kiganja: huku, sasa huku, ngoja. Aliyekaa nawe siku hiyo aliitwa wa kando wako. Msicheke, sio mpango wa kando mnaoujua nyinyi. Adhuhuri mlikula sahani moja, na tangu siku hiyo alikuwa mtu wako: ukiugua anakuja, ukifiwa anachimba kaburi. Hakukuwa na mlango mwingine wa kuingilia katika udugu ule.

Siku ya Zakayo ikafika. Alijiandikisha langoni, akasimamisha gari kwenye foleni, helmeti kichwani. Akaja mzee mmoja wa kilemba cha buluu, Gurdip, muuza mbao, mzaliwa wa Nakuru kama baba yake. Ndiye aliyekuwa mkongwe kuliko wote pale. Alikuwa na helmeti yake kwapani na tabasamu pana.

"Karibu, ndugu. Nimekuona pale uzioni siku nyingi, nikawaambia wenzangu, huyu niachieni mimi. Leo mimi ndiye wa kando wako."

Akafungua mlango wa kushoto, akainamisha kichwa ili aingie, akaganda. Mbele yake palikuwa na bati tupu na matundu ya bolti.

"Kiti kiko wapi?"

"Nimelipunguzia gari uzito," akasema Zakayo.

"Sasa mimi nikae wapi, ndugu? Juu ya matundu?" Gurdip alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akauliza taratibu, "Nani alikuwa akikaa hapa?"

"Mke wangu."

"Na yeye yuko wapi?"

"Amefariki."

Gurdip aliufunga ule mlango polepole. "Pole sana. Pole, Bwana." Kisha akasema, "Basi njoo upande langu nikuzungushe, uione njia. Gari lako litasubiri."

Hapo Zakayo angekubali, pengine tusingekuwa na methali. Lakini aibu ni mnyama mbaya. Aliona watu wote wa foleni wakimtazama yeye na lile bati tupu, akajibu, "Asante, mzee. Mimi nimezoea peke yangu." Ulikuwa uongo mtupu. Hakuwa amezoea hata kidogo.

Bendera ikashuka. Gari liliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, jepesi, na watu wakapiga mayowe ya kusifu. Kona ya kwanza akaikata vizuri. Ya pili akaikata vizuri. Kisha zikaja koni nyingi kwa pamoja, nyekundu kila upande, na kwa dereva aliye ndani ya vumbi zote zilifanana. Akaingia pasipo njia. Akashtuka, akaachia mafuta ghafla. Magari yale husukumwa na magurudumu ya nyuma, na hili lilikuwa limebaki jepesi kupita kiasi. Mkia ukachomoka, gari likazunguka, likazunguka tena, likazimika likitazama lilikotoka.

Vumbi lake mwenyewe likamfunika. Hakuona uzio, hakuona watu. Na Zakayo, bila kufikiri, akageuza kichwa kushoto kama alivyogeuza miaka yote ya ndoa yake, akauliza kwa sauti:

"Tunakwenda wapi sasa?"

Hakukuwa na wa kumjibu. Hakukuwa na hata kiti ambacho mtu angesema kwamba mwenyewe ametoka kidogo, atarudi. Palikuwa na matundu ya bolti, na vumbi likiingia kupitia hayo. Hapo Zakayo akalia ndani ya ile helmeti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kipaza sauti kilipotangaza kwamba gari limepotea njia na halitapewa muda, hakukisikia. Alipopata nguvu aliwasha gari, akaliongoza hadi langoni, akaondoka bila kula.

Mashindano yaliyofuata hakwenda. Alikuwa amekaa uani asubuhi hiyo, akijua fika kwamba wenzake wanapanga koni, aliposikia gari likisimama langoni. Alikuwa Gurdip. Hakusalimu kwa marefu. Alifungua buti akatoa kiti cha kitambaa cha kijivu, alichokitoa kwenye gari lake bovu.

"Leta spana," akasema.

Wakakifunga wawili, mmoja akishika, mwingine akikaza. Kilikaa upandeupande kidogo, na rangi yake haikupatana na chochote. Zakayo alipoinuka aende kwenye usukani, Gurdip alikuwa ameshaukalia.

"Leo kaa huko," mzee akamwambia. "Njia utaijua kesho."

Zakayo akazunguka, akaketi kushoto. Gari lilikuwa lake miaka mingi, na hakuwahi hata siku moja kuketi upande ule. Gurdip akatoka langoni, akashika barabara ya Mogotio, akaendesha kama anavyoendesha yeye, yaani vibaya sana kwa mtu wa umri wake. Mbele akatokea ng'ombe. Kabla Gurdip hajafanya lolote, mguu wa kulia wa Zakayo ulikanyaga bati kwa nguvu zote, pasipo na breki. Kwenye kona mwili wake ukalala kabla ya gari. Kwenye njia panda macho yake yalitangulia kushoto, yakatangulia kulia, na shingo ikaanza kumuuma kabla hawajafika nusu ya safari.

"Simama," akasema.

Gurdip akasimama kando ya barabara.

"Mke wangu alikuwa akishuka kwenye gari hili amechoka," Zakayo akasema. "Kila safari. Nami nilikuwa nikimcheka. Nilimwambia, umechoka na nini, wewe si umekaa tu?"

Magari mengine yaliwapita. Zakayo alitazama mguu wake, bado umekanyaga palepale penye bati tupu, akauacha uendelee kukanyaga. Kisha akasema yale maneno, taratibu, si kwa Gurdip hasa, na Gurdip akayachukua akayafikisha uwanjani, na kutoka uwanjani yakaingia mjini, mpaka yakamfikia shangazi yenu:

"Mng'oa kiti cha mwenziwe hupotea na wepesi wake."