Hodi ya Atupele

"Usipoitikiwa hodi, tazama mlango." Wanangu, mmeusikia msemo huu hapa kwenye chumba cha kompyuta, mkacheka, kisha mkauliza umetoka wapi. Basi chanzo chake ni hiki.

Atupele aliitengenezea hospitali moja ya milimani tovuti ya wachangia damu. Mtu akijisajili, jina lake na kundi lake la damu viliingia kwenye hifadhidata. Damu ikihitajika, wauguzi walimtafuta humo.

Asubuhi moja Nesi Subilaga aliingia ofisini kwa Atupele mbio.

"Dada Atupele, kuna mzazi anavuja damu. Anahitaji O hasi, nasi tumeishiwa. Tovuti yako inasema hakuna mchangiaji hata mmoja!"

"Haiwezekani. Jana walikuwepo."

Akatafuta mwenyewe. Hakuna. Akaizima seva, akaiwasha. Hakuna. Akahisi kosa liko kwenye msimbo wa kutafuta, akaubadilisha, mambo yakazidi kuharibika, akaurudisha ulivyokuwa. Akahakiki nywila, ikakubaliwa. Hapo akaifungua hifadhidata yenyewe, na majina yote akayaona yamejaa tele. Kichwa kikamzunguka. Watu wapo, tovuti inasema hawapo. Nani mwongo? Akaanza kutilia shaka hata macho yake.

Ambakisye, mwenzake wa meza ya pili, akasogeza kiti.

"Tovuti inatafuta wapi?"

"Kwenye hifadhidata, bwana! Wapi tena?"

"Ipi?"

"Kwani ziko ngapi?" Atupele alifoka, kisha akakumbuka. Zilikuwa mbili. Ile ya kweli, na nyingine tupu aliyoiunda zamani kwa majaribio. Na jana jioni alikuwa amehamishia ukurasa wa kutafuta kwenye seva mpya.

Akaiamuru tovuti imtajie jina la hifadhidata iliyounganishwa nayo. Ikajibu: majaribio.

Akarekebisha neno hilo moja kwenye mipangilio ya ile seva mpya, akatafuta tena. Majina yakatokea. Nesi Subilaga alikwishashika simu. Fundi seremala wa jirani akaja na vumbi la mbao kwenye nywele, akalala kitandani, akanyoosha mkono.

Mzazi yule alipona. Alipoanza kuketi na kunywa uji, Nesi Subilaga alirudi kumuuliza Atupele siku ile kulikuwa na nini.

"Sijui hata nikuelezeje, dada yangu," Atupele alisema. "Nilikuwa nabisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Kimya. Nikaona sauti yangu ndiyo mbovu, mara nikaona wenyeji ni viziwi. Kumbe wenyeji wapo nyumba ya pili, wamekaa wananisubiri."

Nesi akacheka hadi akashika mlango. "Kumbe ni hivyo tu? Basi siku nyingine, usipoitikiwa hodi, tazama mlango."