Mama Aliyeinamisha Macho

Wapendwa, kabla hatujafungua Neno, nina mfano. Si mtamu. Waliokuja kuchekeshwa wanisamehe, labda Jumapili nyingine.

Alikuwapo mama mmoja, mjane, aliyeletwa hapa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi kama wengi wenu mlioketi hapa. Msianze kugeuka na kutazamana, simsemi mtu. Alikuwa akikata kuku kiwandani mpaka vidole vinakufa ganzi kwa baridi, na akirudi nyumbani husonga ugali huku akikariri maswali ya uraia. Sheria kuu ya nchi ni ipi? Katiba. Nani yuko juu ya sheria? Hakuna. Hiyo "hakuna" aliipenda kuliko majibu yote. Aliisema kwa sauti, peke yake jikoni, akacheka.

Maana kule alikotoka, mwenye kuwa juu ya sheria alikuwapo. Chifu alilitamani shamba la mumewe, akamwita barazani, akamsingizia wizi wa ng'ombe. Majirani walijaa pale. Walijua fika kwamba siku ya wizi mtu huyo alikuwa pamoja nao, wakivuna. Hakuna aliyefungua kinywa. Mume akachukuliwa, hakurudi. Tangu hapo mama alibaki na swali moja kifuani: watu wale walikuwapo, walijua, mbona walinyamaza? Hakuwasamehe. Na nani kati yetu angemlaumu?

Basi akala kiapo, akawa raia. Hazikupita siku nyingi akaitwa mahakamani, si kushtakiwa bali kuamua. Mnajua utaratibu wa hapa. Jaji hamtii mtu hatiani kwa kupenda kwake. Wanaitwa raia wa kawaida kumi na wawili, wanasikiliza kesi, kisha wanafungiwa chumbani waamue kama mshtakiwa ana hatia au hana. Na lazima wakubaliane wote. Mmoja wao akikataa, hawawezi kumtia mtu hatiani. Mmoja tu! Mama alivaa kitenge chake cha Krismasi siku ile. Alijiona anakwenda kuwa yule jirani ambaye mumewe hakumpata.

Mshtakiwa alikuwa fundi wa matairi, aliyedaiwa kuvunja duka. Mwenye duka alitoa ushahidi kwamba alimwona mwizi kwa mgongo, akikimbia kwenye mvua. Alipoulizwa tena, akasema aliuona uso wake vizuri. Mama alishtuka pale alipoketi. Mgongo au uso? Mshtakiwa mwenyewe hakusema neno kesi nzima, na jaji akawaonya waamuzi wasije wakauhesabu ukimya wake kuwa hatia, kwa kuwa kunyamaza ni haki yake, na mzigo wa kuthibitisha ni wa anayemshtaki.

Mlango ukafungwa. Wakamchagua msemaji wao, mzee wa mvi, mpole, aliyewazidi wote umri. Mmoja akasema ana zamu kazini jioni. Mwingine akasema mtu asiye na kosa angesimama ajitetee, na wengine wakaitikia. Neno la jaji lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi wa mama.

"Kuna mwenye wazo lingine?" mzee akauliza. Macho yake yakatua kwa mama, yakakaa hapo.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni letu, wapendwa, wenzetu wa hapa hawalijui. Mzee akikukazia macho, wewe unafanyaje? Bibi yako alikufundisha: unainamisha ya kwako. Mkubwa hapingwi mbele za watu. Ukiwa na neno, unamfuata baadaye, pembeni, kwa adabu. Heshima si utumwa, bibi alisema. Mama akainamisha macho, akajiambia moyoni kwamba atamwona mzee wakishatoka. Mikono ya kumtia fundi hatiani ikainuliwa, na wake ukainuka, wa mwisho.

Mungu ni mwingi wa rehema, akamfungulia mlango mara ya pili. Walipoketi tena mbele ya jaji na mzee akatangaza kwamba mshtakiwa ana hatia, jaji aliwauliza mmoja mmoja: je, huu ndio uamuzi wako? Sasa amwaibishe mzee wa watu mahakamani?

"Ndiyo," mama akasema.

Kwenye benchi la nyuma mke wa fundi alilia. Mjane wetu aliijua sauti ile, maana alikwisha kuilia yeye mwenyewe.

Wakatoka. Akamfuata mzee kule yanakoegeshwa magari, kwa adabu, kama alivyofundishwa, akamwambia kwa Kiingereza chake cha kiwandani, "Nisamehe, mzee wangu. Mimi sikuwa na hakika."

Mzee akasimama, ufunguo wa gari mkononi.

"Hata mimi sikuwa na hakika," akasema. "Nilikuona ulivyoshtuka wakati wa ushahidi. Nilikuwa nakungoja wewe. Nilipokutazama ukaangalia chini, nikajua huna la kusema, nami nikaona haya kubaki peke yangu."

Walirudi ndani wote wawili, mbio. Karani akawaambia kwamba kila mmoja aliulizwa, na kila mmoja alijibu. Fundi alikuwa ameshapelekwa gerezani.

Jioni ile mama aliketi jikoni, hakupika. Lile swali lake la miaka yote lilikuwa limejibiwa. Majirani wa mumewe hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na adabu tu.

Wapendwa, sisi tumewakimbia machifu, tukavuka bahari, tukasema huku kuna haki. Ni kweli, imeandikwa. Lakini je, karatasi huinua mkono? Karatasi humjibu jaji? Tulikotoka, tulidhani chifu ana nguvu, kumbe alikuwa mtu mmoja mbele ya umati ulioangalia chini. Macho yale tumekuja nayo. Tuliyapitisha uwanja wa ndege na hakuna aliyeyakagua.

Juzi mmoja wenu alinijia na barua ya mahakama. Anaitwa kuwa mwamuzi, naye anataka mchungaji wake amwandikie kwamba hajui Kiingereza. Ndugu yangu, Kiingereza unakijua, nimekusikia ukibishana bei ya gari. Sitaandika. Nenda. Humo ndani utamkuta mtu anayeitwa mshtakiwa, na utamkuta mzee. Huyo mzee akikutazama, kwa ajili ya Mungu, mtazame.