Mabati ya Bwana Kazimoto

Ulimi wa Bwana Kazimoto ulikuwa mwepesi kuliko mkono wake. Kwenye harambee ya zahanati, tajiri huyo wa vifaa vya ujenzi alishika kipaza sauti akaahidi mabati thelathini, akapigiwa vigelegele. Mwaka ukapita, zahanati iko wazi juu, wala hakuleta hata msumari.

Asubuhi moja wateja walimcheka dukani kwake kwa “mabati yake” ya zahanati. Akaenda mbio zahanati, akakuta imeezekwa mabati yenye kutu na matundu kama chujio. Ukutani palikuwa na kibao: “Mabati haya yametolewa na Duka la Kazimoto.” Nyamizi, muuza vitumbua aliyekuwa katibu wa kamati ya zahanati, alikuwa akikifuta vumbi.

“Nani kaandika upuuzi huu? Mimi sijatoa bati hata moja!”

“Polepole, tajiri, utasikika! Jumamosi mwandishi wa habari anakuja kupiga picha. Nimwambie hukutoa kitu, au nimwambie haya ya kutu ndiyo mali ya dukani kwako?”

Kazimoto akarudi mbio dukani. Kabla ya adhuhuri lori lake lilishusha mabati thelathini mapya, na misumari juu yake.

Jumamosi alikuja amevaa suti, akasimama chini ya kibao mpaka shingo ikamuuma. Hakuja mtu.

“Mwandishi yuko wapi?”

Nyamizi alikuwa akiyarudisha yale mabati ya kutu juu ya kibanda chake cha vitumbua, kando ya zahanati.

“Niliahidi, tajiri,” akasema bila kugeuka. “Nawe wajua ahadi za hapa zinavyochelewa.”