Magunia Mazito ya Nyamizi

Mwaka ule mvua zilipogoma, Shigela, mkuu wa kijiji, alipita nyumba kwa nyumba akijichotea akiba za watu. Kwa Nyamizi, mjane hodari wa kukausha viazi vitamu, alikuta magunia manne yameshonwa midomo.

"Nusu ni yangu," alisema, akiyainua mojamoja kupima uzito.

Nyamizi alipiga magoti mbele ya majirani. "Mkuu, chukua haya mawili mepesi. Mazito niachie, nina watoto."

Shigela alicheka hadi kitambi kikatikisika. "Mimi nibebe mepesi? Mjane mjanja wewe!" Akaondoka na mazito, akayafungia stoo bila kuyafungua.

Wiki ya pili uvundo ulimtoa nyumbani. Akarudi kwa Nyamizi ameziba pua.

"Umenipa viazi vilivyooza!"

"Vilikuwa vibichi, mkuu. Nilivikata asubuhi ileile niliposikia unakuja, havijaona jua hata kidogo." Nyamizi alitafuna taratibu kipande kikavu. "Nilikusihi ubebe mepesi, majirani wote walisikia. Wewe ukachagua kubeba maji."